Mkeka wa mechi 63: tunaotabiri kikapu cha vyuo Marekani tukutane hapa (Machi 2025)

MbebaBoksi · Jumatatu, 17 Machi 2025

Wakuu, habari za leo.

Jana jioni huku Ohio wametangaza timu 68 za mashindano ya vyuo, na leo kazini hakuna aliyefanya kazi. Nimeona nifungue uzi mapema, maana mwaka jana tulianza kubishana raundi ya pili wakati mikeka ilishachanika.

Kwa wageni, haraka haraka (wakongwe rukeni). Timu nane zinaanzia kwenye mchujo Dayton, zinabaki 64. Kanda nne, kila kanda timu 16 zilizopewa namba kwa ubora, 1 hadi 16. Namba 1 anafungua na 16, namba 2 na 15, inashuka hivyo mpaka 8 na 9. Ukifungwa mara moja unarudi nyumbani, hakuna marudiano wala goli la ugenini. Sasa utamu wenyewe: unajaza karatasi yote kabla ya mechi ya kwanza Alhamisi, mechi zote 63 mpaka bingwa, halafu hugusi tena. Yaani unatabiri nusu fainali kabla hujajua nani atafika huko.

Ghalani kwetu tuko watu 40, kila mmoja dola 10, mshindi anabeba 400. Hesabu ya pointi ni ile ya kawaida: raundi ya kwanza kila mechi 10, kisha 20, 40, 80, 160, na bingwa 320.

Iangalieni vizuri hiyo hesabu. Raundi ya kwanza ina mechi 32, ukizipata zote una pointi 320. Bingwa peke yake ni 320. Mtu anakesha siku nne akichambua mechi ya namba 6 na 11 kwa ajili ya pointi 10, halafu bingwa anamchagua kwa dakika moja. Mimi nimefanya ujinga huo miaka mitatu mfululizo. 2023 nilipata vipigo viwili vya maajabu raundi ya kwanza, nikatamba ofisi nzima, nikamaliza wa 31.

Msimamo wangu mwaka huu: anza na bingwa, shuka chini. Vibonde weka mwisho, tena kwa kipimo kama chumvi.

Karibuni.

Chuma Ulete · Jumatatu, 17 Machi

Naweka kambi. Ila mkuu, kuna aliyewahi kupata zote 63?

MwalimuHesabu · Jumatatu, 17 Machi

Hajawahi kupatikana mtu anayethibitika. Kila mechi ina majibu mawili, kwa hiyo mikeka inayowezekana ni 2 ijizidishe mara 63. Jibu lake ni bilioni moja mara bilioni 9.2. Hiyo ni kama unarusha shilingi. Tuseme wewe mjuzi, kila mechi una uwezo wa asilimia 70, basi nafasi yako ni moja kati ya takriban bilioni 5.7. Mwaka 2014 Warren Buffett aliweka ahadi ya dola bilioni 1 kwa atakayepata zote, na alilala usingizi wake vizuri tu.

Aliyefika mbali kuliko wote tunaowajua ni jamaa mmoja wa hapo hapo Ohio kwa MbebaBoksi, mwaka 2019. Alipatia mechi 49 za mwanzo. Ya 50 ilikuwa Purdue na Tennessee. Yeye aliweka Tennessee, Purdue wakashinda kwenye muda wa ziada.

Kibonde FC · Jumatatu, 17 Machi

Mleta uzi umeanza na fitina. Bila vibonde haya mashindano yana utamu gani? 2018 UMBC, namba 16, wamempiga Virginia namba 1 kwa 74-54. Mapumziko ilikuwa 21-21! 2022 Saint Peter's, kachuo kadogo ka Jersey City, namba 15, wamemtoa Kentucky, wakamtoa Murray State, wakamtoa Purdue. 2023 Fairleigh Dickinson ndiyo usiseme: hata kombe la ligi yao hawakubeba. Bingwa alikuwa Merrimack, ila alikuwa bado kwenye kipindi cha mpito cha kupanda daraja, haruhusiwi, wakapelekwa wao. Wakaanzia mchujo Dayton, kisha wakamfunga Purdue namba 1 yenye Zach Edey, mtu wa futi 7 na inchi 4. Purdue walirusha mitupo ya mbali ya pointi tatu mara 26, ikaingia 5.

Mimi mkeka wangu una vibonde 12. Tukutane Alhamisi.

MwalimuHesabu · Jumatatu, 17 Machi

Kibonde FC, uliyoyataja yote ni kweli, na ndiyo mtego wenyewe. Tunayakumbuka kwa sababu ni machache. Tangu timu zifike 64 mwaka 1985, namba 1 na namba 16 wamekutana mara 156. Namba 16 ameshinda mara mbili, zote umezitaja. Namba 15 ameshinda mara 11 tu.

Twende kwa 12 dhidi ya 5, ambako kila mtu anapenda kuchimba dhahabu. Namba 12 hushinda karibu asilimia 35. Kila mwaka kuna mechi nne za hivyo. Nafasi ya namba 5 wote wanne kupona ni kama asilimia 18. Kwa hiyo karibu kila mwaka mmoja atakufa. Ila ukiniuliza ni yupi, kila mmoja kwa nafsi yake bado ana asilimia 65 za kuishi. Kujua kwamba kwenye daladala kuna mwizi hakukuambii ni abiria gani.

Chuma Ulete · Jumatatu, 17 Machi

Hapo kwenye daladala nimeelewa kuliko miaka yote ya shule.

Mzee wa Tampa · Jumanne, 18 Machi

Vijana, ngoja niwape kisa, maana naona mnataja 2018 kama ndiyo zamani.

Machi 2008 nilikuwa Florida, nasoma na kuosha vyombo. Tampa ilipangiwa mechi nne za raundi ya kwanza, na moja ilikuwa Connecticut, namba 4, na San Diego, namba 13. Connecticut ile ilikuwa na mtoto wetu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, futi 7 na inchi 3, anazuia mipira kama anafukuza nzi. Tulikuwa Watanzania wanne, tumekopa gari, tumeshona bendera. Kwenye mkeka wangu Connecticut walikuwa wanafika mbali sana. Sikuchambua kitu, niliweka kwa damu.

Kipindi cha kwanza tu, A.J. Price, mwendesha mitambo wao, akaanguka. Goti. Hakurudi. Kuanzia pale ukawa unaona timu inatafuta nani ashike mpira. Ikaenda muda wa ziada. Zimebaki sekunde chache, kijana wa San Diego anaitwa De'Jon Jackson akarusha akiwa pembeni, ukaingia, saa inasoma sekunde 1.2. 70-69. Bendera yetu tukaikunja.

Lakini sikilizeni hii: siku ile Tampa mechi zote nne alishinda mdogo. Western Kentucky namba 12 akamtoa Drake, Villanova 12 akamtoa Clemson, Siena 13 akamtoa Vanderbilt. Nne kwa nne, ukumbi mmoja, siku moja. Nani angeweka hivyo kwenye mkeka?

Mwaka uliofuata sikuweka Connecticut kwa hasira. Wakafungua kwa kumpiga Chattanooga 103-47, wakafika nusu fainali Detroit, na Hasheem akachaguliwa wa pili NBA. Nilikosea miaka yote miwili kwa timu ile ile.

MbebaBoksi · Jumanne, 18 Machi

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya goti la Price ndiyo kitu cha kwanza ninachoangalia sasa: nani mgonjwa. Watu wanasema Virginia ya 2018 ilifungwa na UMBC kama radi, ila wanasahau De'Andre Hunter alivunjika mkono siku chache kabla. 2019 Hunter kapona, Virginia ile ile imebeba kombe, na yeye fainali kafunga 27.

Ndiyo maana mwaka huu nilikuwa roho juu kwa Cooper Flagg wa Duke. Kifundo cha mguu kiligeuka wiki iliyopita. Wanasema atacheza.

Jambo la pili ni takwimu za Ken Pomeroy, mchambuzi wa kikapu cha vyuo. Siangalii rekodi ya ushindi, naangalia timu inafunga pointi ngapi kwa kila mashambulizi 100 na inaruhusu ngapi, ikishapimwa na ugumu wa wapinzani. Mwalimu nisaidie hapo.

MwalimuHesabu · Jumanne, 18 Machi

Rahisi. Chukua tofauti ya kufunga na kufungwa ya kila timu. A ana +25, B ana +15, pengo ni 10 kwa mashambulizi 100. Mechi ya chuo ina kama mashambulizi 68, kwa hiyo A anatarajiwa kushinda kwa pointi 6 na kitu. Lakini matokeo halisi huyumba huku na huku kwa kama pointi 11. Ukipiga hesabu, A ana asilimia 73 hivi.

Sasa mpe A asilimia hizo 73 mechi zote sita za kubeba kombe. Zidisha. Unabaki na asilimia 15. Timu bora kuliko kila inayokutana nayo, na bado mara 85 kati ya 100 inarudi nyumbani inalia.

Na mechi ikichezwa taratibu, mashambulizi yakapungua, pengo nalo linasinyaa. Kibonde mwenye akili hapendi mbio. Anatembea na mpira, anarusha pointi tatu, anaomba Mungu. Mwaka jana Jack Gohlke wa Oakland kamtundika Kentucky pointi tatu kumi, mtu mmoja.

Mkaazi wa Kampala · Jumanne, 18 Machi

Mimi sina hesabu. Naweka Duke kwa sababu ya Khaman Maluach. Ni mtoto wa Sudan Kusini ila amekulia hapa kwetu Kampala. Basi.

MbebaBoksi · Jumatano, 19 Machi

Nimefunga mkeka. Bingwa: Duke. Kibonde wangu mkuu: UC San Diego, namba 12, kumtoa Michigan. Pia Colorado State, 12, kumtoa Memphis. Hii ya mwisho hata wachezesha kamari wameipa Colorado State nafasi kubwa kuliko Memphis. Namba inayotolewa na kamati ya mashindano ni zawadi ya ulichofanya msimu mzima, si lazima iwe nguvu yako ya leo.

MwalimuHesabu · Jumatano, 19 Machi

Mkuu, bingwa wako ndiye anayechaguliwa kuliko wote nchi nzima. Tuseme Duke ana asilimia 25 na watu 20 ghalani kwenu wamemweka. Akibeba, bado unagombana na watu 20. Ni kama asilimia 1 na robo yako. Florida tumpe 15, ila wamemweka watu wanne. Hapo una karibu asilimia 4. Wewe ndiye uliyeandika "anza na bingwa".

MbebaBoksi · Jumatano, 19 Machi

Najua. Ila siwezi kuwa dhidi ya mtoto wa Kampala.

Mja wa Muscat · Jumatano, 19 Machi

Samahanini ndugu zangu, hizo dola 10 si kamari? Tena tuko katikati ya Ramadhani.

MwalimuHesabu · Jumatano, 19 Machi

Ni kamari, ami. Mimi najaza ya bure, sitoi wala sipokei. Utamu ni ule ule, usingizi ni mzuri zaidi.

Kibonde FC · Ijumaa, 21 Machi

Nilikaa tangu saa 1 na robo usiku jana mpaka kunakucha. Mechi ya kwanza kabisa, Creighton kampiga Louisville 89-75. McNeese kamtoa Clemson 69-67!! Drake kamtoa Missouri. Arkansas kamtoa Kansas. Nani alisema vibonde kwa kipimo?

Michigan na UC San Diego ya MbebaBoksi: 68-65, Michigan. Pole.

Chuma Ulete · Jumamosi, 22 Machi

Mkeka wangu umeshachanika vipande ambavyo hata mshonaji hawezi. Kibonde FC umepata wangapi kati ya wale 12?

Kibonde FC · Jumamosi, 22 Machi

Wanne.

MwalimuHesabu · Jumamosi, 22 Machi

Nimehesabu raundi nzima. Aliyeweka tu mwenye namba ya juu (iliyo karibu na 1) kila mechi, bila kuwaza, kapata 25 kati ya 32. Hakuna 13, 14, 15 wala 16 aliyeshinda.

Mzee wa Tampa · Jumatatu, 24 Machi

Mmeona Maryland na Colorado State? Colorado State mbele kwa pointi moja, sekunde zinaisha, Derik Queen anachukua mpira, hatua, hatua, anauegemeza kwenye ubao, filimbi. 72-71. Mke wangu ananiuliza kwa nini nimesimama kwenye kiti. Zile hatua zilizidi, mimi nasema zilizidi.

MbebaBoksi · Jumamosi, 29 Machi

Hii inaanza kunitisha. Timu 16 zilizofika wiki ya pili zote zimetoka ligi nne tu kubwa, na ligi moja, ile ya Kusini Mashariki, ina timu saba kati yake. Leo zimebaki nane: namba 1 wote wanne, namba 2 watatu, na Texas Tech namba 3.

Nadhani najua sababu. Sasa mchezaji wa chuo analipwa, na anahama bila kukaa nje mwaka mzima. Mkimkumbuka Florida Atlantic, kibonde wa 2023 aliyefika nusu fainali kama namba 9: Alijah Martin alikuwa pale. Leo yuko wapi? Florida, namba 1. Na Walter Clayton, anayeibeba Florida mgongoni, alitoka Iona. Zamani vijana hawa wangebaki kwenye vyuo vyao vidogo mpaka mwaka wa nne, wakamsubiri kigogo Machi. Sasa kigogo anawanunua Aprili.

Kibonde FC, hawajaisha uwezo. Wamesajiliwa.

Kibonde FC · Jumamosi, 29 Machi

Hii imeniuma kwa sababu ni kweli. Ni kama timu za mikoani na Kariakoo.

Mkaazi wa Kampala · Jumapili, 6 Aprili, asubuhi

Nani yuko macho? Sina maneno.

MbebaBoksi · Jumapili, 6 Aprili

Niko macho na ninatamani nisingekuwa.

Duke aliongoza kwa 14 kipindi cha pili. Zimebaki sekunde kama 35, Duke 67, Houston 61. Nikaanza kuandika ujumbe wa kumtania jamaa yangu wa zamu ya usiku. Emanuel Sharp akarusha tatu, 67-64. Duke wanarusha mpira kuingiza uwanjani, wameupoteza, Joseph Tugler kauzamisha, 67-66. Duke wanapata mitupo huru, wa kwanza unagonga chuma. Kwenye kuugombea, Flagg anaitiwa faulo. J'Wan Roberts anasimama pale mstarini, miwili yote ndani. 68-67. Flagg anarusha wa mwisho akiwa hewani, mfupi. Imeisha 70-67. Pointi tisa kwa bila.

Ule ujumbe niliufuta herufi moja moja.

MwalimuHesabu · Jumapili, 6 Aprili

Kwa hiyo wote wanne wa nusu fainali walikuwa namba 1, jambo lililotokea mara moja tu kabla ya hapa, 2008, na fainali ni Florida na Houston. Ghalani kwenu nani ameweka Florida?

MbebaBoksi · Jumapili, 6 Aprili

Watatu. Mmoja ni mama wa mapokezi, ndiye anayeongoza. Duke tulikuwa 19. Usiseme kitu.

Mzee wa Tampa · Jumanne, 8 Aprili

Saa kumi kasoro usiku niliamka. Houston walikuwa mbele kwa 12 kipindi cha pili, Clayton kipindi cha kwanza hakufunga hata pointi moja. Nikasema Houston wanabeba. Mwisho Florida 65-63, Houston wana mpira. Sharp anaruka kurusha tatu, Clayton anamvamia na mkono usoni, Sharp anabadili mawazo akiwa hewani, anauachia mpira chini. Akiugusa tena ni kosa. Amesimama anautazama unadunda, peke yake, huku saa inakwenda, mpaka Alex Condon wa Florida akaurukia. Nimeangalia kikapu miaka arobaini, sijawahi kuona mtu anaogopa mpira wake mwenyewe kwenye fainali.

MbebaBoksi · Jumanne, 8 Aprili

Ripoti ya mwisho kutoka ghalani.

Mama wa mapokezi kabeba 400. Nilimwomba anionyeshe karatasi yake. Kila mechi kaweka mwenye namba ya juu, ndiyo kusema 25 za kwanza alizotaja Mwalimu ni zake. Nusu fainali kapatia timu zote nne. Walipobaki namba 1 watupu na namba hazimsaidii tena, kaweka Florida kwa sababu wajukuu wake wanaishi Jacksonville. Nimemuuliza kama anajua Clayton ni nani. Kasema ni jina zuri.

Mimi nimemaliza wa 22. Nimepanda nafasi tisa tangu 2023.

Chuma Ulete · Jumanne, 8 Aprili

Mkuu, huyo mama usimwache aende nyumbani. Kesho Simba na Al Masry kwa Mkapa, tumepigwa mbili kule Misri. Muulize anaonaje.

MbebaBoksi · Jumanne, 8 Aprili

Nimemuuliza. Kauliza Simba ni namba ngapi.